Mstari Unaolala Mvua Ikinyesha

12 Juni

Leo imenyesha mvua ya kwanza ya maana tangu nipangiwe ofisi hii ya bonde la mto, na nimeogopa kitu ambacho sikuweza kumweleza mtu. Kwenye skrini yetu kubwa kuna mstari wa buluu unaoonyesha kina cha maji kule bwawani Nabilgo. Siku za jua mstari huo hautulii. Unapanda unywele, unashuka unywele, kwa sababu upepo husukuma maji na kipimo huyafuata mawimbi. Leo mvua ilipokolea, mstari ulinyooka kama umepigwa kwa rula. Ukakaa hivyo mpaka mvua ilipokatika, kisha ukaruka juu ghafla na kuanza kutetemeka tena.

Wenzangu hawakuona. Walikuwa dirishani wakifurahia baridi.

14 Juni

Jua. Mstari unatetemeka. Nimelala vizuri.

19 Juni

Mvua, na mstari umelala tena. Niliwahi kumpigia Abugri, mlinzi wa milango ya bwawa, kabla minara ya simu haijazimika.

"Kaka Abugri, maji yako wapi?"

"Yawe wapi tena, Madam? Si yako bwawani."

"Kwenye nguzo ya vipimo, kaka. Nenda kanisomee."

Nikamsikia akitoka, mvua ikipiga kofia yake. Alichosoma kilizidi cha skrini yetu kwa kiganja kizima.

"Kwani huko kwenu kompyuta inasemaje?"

"Inasema yametulia."

"Basi ije iyaone," akasema, akacheka, na simu ikakatika.

23 Juni

Nimeuchunguza mfumo wetu siku nzima. Nauandika hapa ili uache kunizunguka kichwani.

Kipimo cha bwawani huandika kina cha maji kwenye faili, katika seva iliyo kibandani kwa Abugri. Sisi huku tunalisoma faili lile lile kupitia folda ya pamoja, kana kwamba liko ndani ya kompyuta zetu. Kati yetu hakuna waya. Kuna dishi juu ya mnara wao na dishi juu ya mnara wetu, zinatazamana juu ya mashamba. Faili likisafiri hukatwa vipande, na vipande vina namna mbili za kusafiri. TCP huuliza kila mara kama kipande kimefika, na kisipofika hukituma hicho kimoja tena. UDP hurusha tu, haiulizi. Folda yetu hupita kwa UDP, kwa mafurushi makubwa, na kikipotea kipande kimoja njiani furushi lote hutupwa. Hewa ikiwa safi hakipotei kitu, na asiyeuliza humaliza mapema kuliko anayeuliza. Lakini mvua kubwa humeza mawimbi ya dishi zetu.

Aliyechagua UDP ni bosi, Bwana Yelpaala. Alizipima zote mbili, na chati ya matokeo ameitundika ukutani kwenye fremu. UDP imeiacha TCP mbali. Leo ndiyo mara ya kwanza nimesoma tarehe iliyo chini ya ile chati. Ni Januari. Januari hapa ni harmatani, vumbi na midomo iliyopasuka, wala hakuna anayekumbuka tone la maji linafananaje. Walichagua njia ya kubebea habari za mafuriko wakati mbingu zimekauka.

Kuna baya zaidi. Programu ya skrini ikijaribu kulisoma faili na kulikosa, haisemi kwamba imelikosa. Inarudia namba ya mwisho iliyoipata, tena na tena. Ndio ule mstari ulionyooka.

Maji yakifika alama nyekundu Abugri hana hiari. Hufungua milango, la sivyo ukuta wa udongo upasuke na bwawa zima lishuke. Kabla ya hapo sisi tunatakiwa tupige king'ora kilicho juu ya paa letu, ili watu walio mashambani kando ya mto watoke. Hiyo ndiyo kazi yote ya ofisi hii. Dada yangu Teni analima karanga ng'ambo ya mto.

24 Juni

Nimemwambia bosi. Bosi ni Mdagaaba na mimi ni Mfrafra, kwa hiyo tu watani, wa kuitana watumwa na kugombea vichwa vya mbwa, na mtani haruhusiwi kukasirika.

"Bosi, naomba tuhamie TCP kabla ya Agosti."

"Jamani, mtumwa wangu ameamka na hoja!" akawaambia wenzetu.

"Mtumwa wako ndiye aliyekufundisha kuvaa viatu."

"Mnamsikia? Ayinpoka, umekula kichwa cha mbwa cha nani asubuhi hii, mpaka unaota TCP?"

"Cha kwenu. Nilikikuta kimefichwa chini ya kitanda cha mjomba wako."

Ofisi nzima ilicheka, hata mimi. Tulipomaliza kucheka, kila mtu alirudi kwenye meza yake, na jambo langu halikuwepo tena.

3 Julai

Mvua. Umelala.

4 Julai

Mvua. Umelala. Kose za asubuhi, zile bajia za kunde, zimenishinda kumeza.

9 Julai

Nimefanya kipimo changu mwenyewe, mvua ikinyesha. Kompyuta moja nimeiacha na UDP, ya pembeni yake nimeiunganisha na folda ile ile kwa TCP. Mvua ilipoanza zilikwenda sawa. Ilipozidi, ya UDP ikapeperuka kabisa, mafurushi yakitupwa, yakianza upya, yakitupwa tena, mpaka ikakata tamaa na mstari ukalala. Ya TCP ilikuwa ikienda kama mtu anayevuka tope: inasimama, inaganda, inasogea. Lakini kila kilichofika kilikuwa kweli, na kwa mpangilio wake.

Nilimpelekea bosi matokeo. Safari hii alifunga mlango, na hakutania.

"Umepima vizuri," akasema. "Ila umeona mwenyewe, TCP inaganda."

"Inaganda kwa sababu inasubiri, bosi."

"Skrini ikiganda, anayeitazama atadhani nini?"

"Atadhani hajui maji yako wapi. Na kweli hajui."

"Na mtu asiyejua hufanya nini, Ayinpoka?" Alinirudishia karatasi. "Wewe uko hapa kwa mwaka wako wa utumishi wa taifa. Msimu ujao wa mvua hutakuwepo. Mimi nitakuwepo."

Nilitoka nikimchukia. Nikajiambia ni mtu wa fremu, anayelinda chati yake.

18 Julai

Teni amekuja kuniletea dawa ya mafua, na kunicheka kwa kukonda. Nilimlalamikia kuhusu bosi. Akaacha kumenya yai.

"Yelpaala? Kumbe hujui? Ndiye aliyepiga kile king'ora cha uongo."

Nilikuwa chuoni Kumasi wakati huo. Teni akanisimulia. Mashine iliganda mvua ikinyesha, bosi akawa haoni kitu, akaogopa, akapiga king'ora. Watu wakakimbilia mtumbwi mmoja wavuke. Ukapinduka. Azumpoka, jirani wa Teni shambani, akazama na mtoto mgongoni. Maji ya bwawa yalikuwa hata hayajakaribia alama.

"Alikuja msibani," Teni akasema. "Unajua mtani anatakiwa achekeshe watu matangani, avae nguo za marehemu, adai apewe maiti yake. Walimpa nafasi. Alikaa pale kwenye mkeka mpaka siku ya mwisho, hakuinua hata macho. Wazee wakasema mwacheni."

Nimeandika mambo mabaya juu ya mtu huyu katika kurasa za nyuma. Sitayafuta, lakini leo siyaamini. Si chati inayomfanya aipende UDP. Anaipenda kwa sababu haijawahi kumgandia usoni. Nilidhani mimi ndiye mwenye hofu na yeye ndiye mwenye kiburi. Kumbe hofu tunayo wote wawili, na ya kwake ina kaburi.

Hilo halijanituliza. Limeniongezea.

2 Agosti

Mvua tangu alfajiri. Umelala mpaka saa tisa alasiri. Ulipoamka uliruka mara mbili ya mwezi uliopita.

11 Agosti

Teni amevuka. Karanga zimekomaa, na akichelewa zitachipua ardhini. Atalala kibandani huko mpaka amalize. Simu yake haitakuwa na chaji. Nilimwambia asubiri kidogo. "Nisubiri nini? Mvua iombe radhi?" Akabeba jembe lake.

Maji yamepita alama ya njano, ile inayotangulia nyekundu.

16 Agosti

Nilimkuta bosi peke yake. Nikamwambia najua Azumpoka ni nani. Akasema, "Basi unajua kwa nini," akatoka kwenda kuangalia jenereta, ambayo haikuwa na shida yoyote.

Naanza kutazama mawingu kama mtu anayedaiwa.

25 Agosti

Nitajaribu kuandika kwa utaratibu.

Asubuhi kaskazini palikuwa peusi kama sufuria. Upepo ukaja kwanza, ukang'oa mabati ya banda la baiskeli, halafu mvua ikaja ya kulalia ubavu. Simu zikafa. Mstari ulikuwa chini kidogo ya alama nyekundu, ukitetemeka. Nikausimamia. Nikaanza kuuomba kwa sauti, niseme ukweli, kama unavyomwomba mtoto mgonjwa asifumbe macho. Ukalala.

Bosi alikuja akasimama nyuma yangu. "Umetulia," akasema.

"Haujatulia. Umekatika."

"Kaa chini, mtumwa. Umeogopa ngurumo kama kuku wa Kifrafra."

Nilikuwa naitazama ile namba, imesimama pale, inang'aa, namba nzuri kabisa ya maji yasiyofika nyekundu. Bosi akangoja tusi lake. Wenzetu wakageuka nao wakangoja. Hakuna aliyecheka kwa sababu hapakuwa na cha kuchekea.

"Mbona hunitukani?" akauliza, kwa sauti nyingine.

"Dada yangu yuko ng'ambo."

Akavua miwani. Akaifuta kwa shati, akaivaa ikiwa bado na ukungu.

"Ukiondoa UDP sasa hivi, skrini itazima?"

"Itazima. Lazima nitoe folda kwanza, ndipo niiunganishe upya kwa TCP."

"Itarudi lini?"

"Sijui."

"Isiporudi?"

"Tutakuwa hatujui kitu. Kama sasa, bosi. Tofauti ni kwamba sasa tunadanganywa kwamba tunajua."

Akainama, akaandika nywila yake kwa kidole kimoja kimoja, akasogea. "Toa."

Folda ilikataa kutoka. Programu ya skrini ilikuwa imeing'ang'ania, bado inarudia namba yake. Nikaiua programu. Skrini ikawa nyeusi, na mwenzetu mmoja akaguna kama aliyepigwa. Nikaandika amri mpya, nikaandika tcp mahali pa udp, herufi tatu kwa herufi tatu, nikabonyeza.

Hakuna kitu.

Sijui nieleze vipi kule kusubiri. Mshale mdogo unapepesa. Unajua kule nyuma ya mvua kuna mashine, na mashine yako inaiita, na kila ikikosa jibu inaita tena, ikingoja zaidi kila mara kabla ya kuita. Lakini kwa macho, kusubiri na kufa vinafanana. Nilikuwa nimemhubiria bosi miezi miwili juu ya njia hii, na sasa nimekaa mbele ya weusi niliouleta mwenyewe, nikiwaza kwamba pengine dishi la Abugri limeanguka, pengine ukuta umekwishapasuka, pengine Teni ameinama anang'oa karanga na maji yanakuja nyuma yake bila sauti. Bosi alikuwa anapumua kwa mdomo. Nilijua anaona nini. Ni skrini ile ile ya mwaka ule.

"Nipige?" akasema. Hakuwa ananiuliza mimi hasa. "Nisipige?"

"Subiri, bosi."

"Nilisubiri na ule mwaka!"

"Subiri."

Folda ikafunguka. Nikawasha programu. Mstari ukaja kwa mikupuo: kipande, ukaganda, kipande, ukaganda. Ulituonyesha saa ambazo ulikuwa umetuficha, moja baada ya nyingine, na kila kipande kilikuwa juu kuliko kilichotangulia. Ukaigusa nyekundu. Ukaganda hapo, sote tukausukuma kwa macho. Ukapita.

"Ni ya sasa hii?" bosi akauliza.

"Ni ya muda kidogo uliopita. Sasa ni zaidi."

"Ayinpoka. Kama ni uongo tena…"

"Si uongo, bosi. Hii haiwezi kukuletea kipande kisichotumwa."

Swichi ya king'ora iko kwenye kisanduku ukutani. Alikwenda, akakifungua, akaweka kiganja juu ya swichi, na kwa muda nilidhani hataweza. Kisha akaibana, na juu ya vichwa vyetu paa likaanza kulia.

Hakuiachia. Tulimwambia inatosha, kanuni ni milio mitatu na kupumzika. Hakuiachia. Paa likalia mpaka tukasikia harufu ya nyaya, na sauti ikazama, ikakoroma, ikafa, na bado mkono wake ulikuwa umeibana.

Abugri alikuwa amefungua milango; alasiri mto ulifika chini ya dirisha letu, umebeba milango ya vibanda na mbuzi.

28 Agosti

Teni yuko hai. Amekuja kwa miguu akizunguka na daraja la juu, amevaa nguo za mtu mwingine. Wote wa upande wao wametoka.

Nilimkumbatia, akanisukuma. "Usinilowanishe, nimekwisha kauka."

Amenieleza kwamba king'ora kilipoanza hakuna aliyeondoka. Walisimama kila mtu shambani kwake, wakitazamana. Mmoja akapiga kelele, "Ni Yelpaala tena!" na wakainama kuendelea na kazi. Lakini hakikukoma. Walingoja kikome ili wamtukane. Hakikukoma. Mume wa Azumpoka ndiye aliyeacha jembe wa kwanza, akaanza kupanda mlima, hakuelekea mtoni. Wakamfuata.

"Kwa nini yeye?" nikauliza.

"Nitajuaje? Muulize."

Sitamuuliza.

29 Agosti

Nimemwambia bosi kuhusu mume wa Azumpoka. Alisikiliza hadi mwisho, akaomba ruhusa, akaenda chooni, akakaa huko.

Tumebaki na TCP. Nimebadilisha pia programu ya skrini: isipopata faili inaandika SIJUI kwa herufi kubwa nyekundu, na namba inaondoka. Wenzetu wanalalamika kwamba inawatia hofu. Ndivyo inavyotakiwa.

Mota ya king'ora imeungua kabisa. Nyingine imeagizwa. Hakuna anayejua itafika lini.

1 Septemba

Teni anataka kurudi ng'ambo. Sehemu ya juu ya shamba haikuguswa na maji, na karanga bado zimo ardhini.

"Hatuna king'ora," nikamwambia. "Kimeungua. Unanielewa? Hakuna kitakacholia."

"Basi njoo uniite kwa mdomo."

"Teni, maji yako karibu na alama tena."

"Na watoto watakula alama?"

Nikaenda kwa bosi. Nilidhani atasema hana la kufanya. Alifikiri, akaniambia niazime kipaza sauti cha msikiti, kile cha mkononi, nikae pale juu ya kivuko cha mtumbwi. Yeye atakaa mbele ya skrini. Atanipigia kwa saa tulizopanga, anipe namba mpya.

"Na mvua ikiua simu?"

Aliitazama skrini, si mimi. "Hapo usinisubiri."

2 Septemba

Naandika nikiwa kivukoni, daftari juu ya goti, kipaza sauti juu ya goti jingine. Teni namwona ng'ambo, kitambaa chake cha njano kimeinama kati ya mistari. Wako wengine wengi, wametawanyika mpaka kwenye miti ya kando ya mto… hapana, si miti, ni marundo ya uchafu ulioletwa na mafuriko. Kila kitu kimebadilika sura.

Simu imekuwa ikilia asubuhi yote.

"Upo?"

"Nipo."

"Chini ya nyekundu. Mstari unatetemeka."

"Sawa, bosi."

Alipopiga mara ya mwisho nilisikia mvua upande wake kabla sijaisikia upande wangu. Alisema namba, nikairudia, akasema ndiyo. Tangu hapo matone yamefika huku. Yanaanguka juu ya wino. Ng'ambo hawajajali, wameinua macho mara moja tu na kuendelea.

Simu ina mstari mmoja wa mtandao. Sasa haina.

Pengine maji yametulia. Pengine bosi ametazama, ameona jambo dogo, anajaribu kunipigia kuniambia nikae. Nikiwaita watakimbia, na kivukoni hapa kuna mtumbwi mmoja, na mto bado una nguvu. Nikiita bure, jina watakalolitaja mwaka ujao wakiinama kwenye karanga zao litakuwa langu. Nayajua haya yote. Nimeyahesabu tangu jana.

Muda wa simu yake umepita. Nimengoja zaidi kidogo. Haijalia.

Nitawaambia wapande mlima, wasije mtoni. Hilo nitalisema kwanza, kabla ya jambo lingine lolote. Pandeni mlima.

Nafunga daftari. Naita.